Vipimo Kumi na Kimoja vya Mwisho

9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yanakuruhusu kufika angalau barazani. Msalimie sana mkaza mjomba. Mwambie yale mafuta ya kuchua yameniisha, na mgongo wangu sasa unamkumbuka kuliko ninavyomkumbuka mimi. Huku wazima wa kujikongoja. Mwanangu ameota meno mawili kwa mpigo na ameamua jengo zima lijue. Baba yake amepewa zamu ya alfajiri, tunapishana mlangoni kama walinzi. Lifti ya ofisi imekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo napanda ghorofa tano kila siku na kompyuta mgongoni, nikifika juu sina hamu ya kazi wala ya mtu.

Utasema, si ningepiga simu tu. Nilipiga mara tatu, ukaitikia "ndiyo, ndiyo" ukakata. Mkaza mjomba anasema siku hizi unadai maneno ya simu hayana tarehe. Haya, nakuletea yenye tarehe.

Mradi wa mfereji wa bondeni umefufuliwa, na mimi ndiye ninayechora. Nilipoona jina la bonde letu kwenye faili nilikaa kitako. Nikamfikiria Mama, miaka minne sasa kaburini, na zile ndoo za mtoni. Nikajiambia safari hii maji yatavuka shingo, ule mgongo wa mwamba kati ya vilima viwili, yafike kwetu ng'ambo.

Shida ni mwinuko wa ardhi. Nina ramani mbili za setilaiti. Moja inasema shingo iko mita nne juu ya banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, yaani maji yapande mlima kwa hiari yao. Nyingine inasema iko mita mbili chini. Setilaiti inatoa namba moja kwa kila kipande cha mita thelathini kwa thelathini, na penye miti inapima vilele ikidhani ni ardhi. Mimi natafuta sentimita, Mjomba. Mfereji unahitaji shingo iwe chini ya banio kwa sentimita sabini tu. Shingo ni mwamba, hauchimbiki kwa sururu, na baruti haimo kwenye bajeti.

Kipimo cha kweli kilichopo ni chako cha mradi ule wa kwanza. Kwenye faili imebaki karatasi moja ya majumuisho: shingo iko juu ya banio kwa sentimita sitini na mbili. Chini yake sahihi yako. Kwa karatasi hiyo walituacha ng'ambo wakati ule, na kwa karatasi hiyo mkuu wangu anataka kutuacha tena. Naomba daftari lako la vipimo nipige hesabu upya. Huenda kuna kosa la kujumlisha. Michoro inakabidhiwa mwisho wa Juni.

Mpwa wako,
Unga

3 Machi

Unga mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na basi la Jumanne, ikiwa na alama ya kikombe cha chai mgongoni, nadhani dereva aliitumia kama meza. Sisi hatujambo. Goti la kulia limepona, sasa la kushoto limeona wivu. Mkaza mjomba wako amefuga bata sita ambao hawamwogopi mtu na wanaingia hadi chumbani. Mafuta nimemwambia, atakutumia. Mbusu mjukuu wangu kwenye hayo meno.

Nimefurahi kwamba kazi imekuangukia wewe. Umenikumbusha ujana, nilipokuwa naitwa Mzee Milimita na bado sina hata mvi moja. Mama yako alikuwa mshika fimbo wangu, ile fimbo ya namba anayoisoma mpimaji kwa mbali, hilo unalijua. Nilikuwa na wengi kabla yake, walevi na wasinziaji, hakuna aliyemfikia. Mshika fimbo sheria yake moja: ukisimamisha fimbo kwenye alama, huondoki mpaka mpimaji akuambie. Siku moja nilimsahau nikaenda kula. Narudi saa nzima baadaye namkuta pale pale, fimbo wima, amenuna. Akaniambia, "Hukuniambia niondoke." Alinitania kwa jambo hilo miaka na miaka.

Daftari lile nadhani mchwa walishalimaliza. Ni zamani sana. Na isitoshe, si mna setilaiti? Mimi nilikuwa na macho mawili na penseli. Chagueni ile ramani mnayoiamini, mwendelee. Huku jua kali, mahindi yamejikunja.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Meno yamefika manne. Mafuta nimeyapata, mshukuru mkaza mjomba kwa niaba ya mgongo wangu. Mume wangu amesinzia juzi akiwa ameshika kijiko, nikakitoa mkononi mwake taratibu kama mwizi.

Mchwa wako siwaamini. Daftari lile lina jalada gumu jekundu, na mara ya mwisho nilipokuja lilikuwa juu ya kabati la nguo, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kamba ya viatu. Nililiona nilipokuwa natafuta blanketi. Ulilichukua mkononi mwangu ukalirudisha juu ya kabati.

Nakueleza ilivyo ili usidhani ni ukaidi wa mtoto wa mjini. Nimejaribu kila mlango. Ofisi ya ramani wana mchoro wa zamani wenye mistari ya kila mita ishirini, bonde letu zima limekaa katikati ya mistari miwili, kama halipo. Kuna wanaopima kwa ndege ndogo, bei yao mkuu wangu aliicheka. Nimeomba gari na leveli, ile darubini ya miguu mitatu, nije nipime mwenyewe. Nimejibiwa kwamba eneo hilo lina kipimo tayari. Hicho kipimo ni chako.

Kwa hiyo kila ninapogeuka nakutana na sentimita zako sitini na mbili. Ukinipa daftari na hesabu ikawa sahihi, nitakubali, nitafuta ng'ambo kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki kufuta bila kujua. Nilikwenda mtoni na Mama kila siku mpaka nilipopelekwa bweni, dakika arobaini kwenda, saa nzima kurudi na mzigo. Unakumbuka ulivyokuwa ukija kwetu? Anakupa maji kikombe kimoja. Ukitaka cha pili anakuambia, "Cha pili kateke." Tulikuwa tunacheka wote. Sasa najiuliza mbona wageni wengine walipewa mtungi mzima.

Unga

2 Mei

Unga,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa siko vizuri. Bata mmoja amekufa.

Nakuomba uachane na ng'ambo. Watu wa huku wameshazoea. Waliotaka kuhama wamehama, tuliobaki tumebaki na vinywa viwili vitatu vya kulisha. Chora upande wa banio vizuri, upandishwe cheo, upate ofisi yenye lifti. Kazi niliyofanya mimi ilishafanywa, iliwekwa sahihi, na mtu aliyeipokea ameshafariki. Usinifukulie.

Msalimie baba wa mtoto.

Mjomba wako

(Kwenye kifurushi kilichokuja na basi siku tano baadaye, kikaratasi:)

Mwanangu, hajui kama nimelituma. Nimeweka daftari la mtoto wa jirani kwenye ule mfuko ili uonekane umejaa. Tangu barua yako ya kwanza hali chakula vizuri, na kila asubuhi anakwenda kusimama kule shingo, anaangalia, anarudi. Hizi namba zake mimi sijui kuzisoma. Wewe unajua. Mkaza mjomba wako.

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto anasimama akishika kiti. Sisi wazima. Nimechoka, nitaandika moja kwa moja.

Daftari ninalo. Usimgombeze mkaza mjomba. Kama lazima ugombeze mtu, nigombeze mimi.

Nimekaa nalo siku nne, kila mapumziko ya chakula. Ni daftari zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Kurasa thelathini na mbili bila kufuta mahali. Nimejumlisha kila safu, hukukosea hata milimita, sasa naelewa jina lako. Namba zako zinaishia kila namna, tatu, saba, moja, nane, jinsi ardhi ya kweli inavyosomeka. Halafu nikafika ukurasa wa mwisho, kipande cha kupanda shingo. Vipimo kumi na kimoja vya mwisho vinaishia sifuri au tano. Vyote. Mwandiko umenyooka kama wa mtu aliyekaa mezani, na penseli imechongwa upya.

Huku ofisini hilo tunaliita kupika, kuandika namba ambazo hazikupimwa. Vijana wanapika wakiwahi mpira wa Jumamosi. Sikutegemea kulikuta kwako.

Nikaangalia juu ya ukurasa. Mpimaji, wewe. Mshika fimbo, Mama. Tarehe, kumi na nne Novemba. Mjomba, tarehe hiyo naijua vizuri. Naiandika kila ninapojaza fomu.

Najua nilizaliwa kwenye mashine ya kusaga, ndiyo maana Mama akaniita Unga. Alisema alishikwa na uchungu akienda kusaga. Hakuniambia alikuwa kazini. Hakuna aliyeniambia.

Sitauliza mengi. Siku hiyo, mlifika shingo au hamkufika?

Unga

17 Juni

Unga mwanangu,

Marahaba kwa salamu zako. Mkaza mjomba wako mzima, hatukugombana. Alipoona nimegundua daftari la mtoto kwenye mfuko alisema tu, "Haya, sasa kula," nikala.

Hatukufika.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, halafu uniamulie unavyotaka. Mkubwa wetu wa mradi alitaka daftari kesho yake asubuhi, gari lilikuwa linarudi makao makuu na nafasi yangu ya ajira ya kudumu ilitegemea daftari hilo. Mama yako mimba ilikuwa kubwa lakini alisema bado wiki tatu, na kibarua alikihitaji. Tangu saa nne asubuhi nikaona fimbo inayumba. Nikampungia mkono ainyooshe, akainyoosha. Ikayumba tena. Nikampigia kelele.

Wewe umesomea leveli za siku hizi, huenda hujui kwamba zile za zamani zilikuwa zinageuza picha. Ukichungulia unaona kila kitu kichwa chini, fimbo imening'inia kutoka mbinguni na mtu ananing'inia nayo. Unazoea, unasoma namba hivyo hivyo. Sura ya mtu huisomi. Niliangalia uso wa dada yangu siku nzima umegeuka juu chini, nikaona namba tu. Alikuwa na uchungu tangu asubuhi, Unga. Alisimama na uchungu alama baada ya alama kwa sababu sikumwambia aondoke. Kwenye jiwe la chini ya shingo fimbo ilianguka, ndipo nikatoa jicho kwenye darubini nikamwona wima kama watu wote, amekaa chini, nguo imelowa.

Tulimpakia kwenye gari la ofisi. Hatukufika mbali. Dereva alisimama kwenye mashine ya kusaga, mke wa mwenye mashine akatufukuza sote nje, na wewe ukazaliwa juu ya magunia. Ukatolewa mlangoni mweupe kichwani kwa unga, unapiga chafya.

Jioni ile nilikaa kwenye benchi la nje nikamaliza ukurasa. Nilikuwa nimeiangalia shingo mara mia, nikajiambia naijua kwa jicho. Kwa jicho ilionekana iko juu. Nikaandika vipimo kumi na kimoja, nikajumlisha, nikatia sahihi. Nikaajiriwa.

Mama yako alijua. Mshika fimbo anajua aliposimama na asiposimama. Walipotangaza kwamba maji hayatavuka aliniangalia, akachukua ndoo. Hakuniuliza mpaka anakufa. Ni kile kikombe kimoja tu. Ulidhani ananitania, na mimi nilicheka ili mdhani hivyo. Kukuambia sikuweza. Kila nilipojaribu ilikuwa lazima nitaje siku uliyozaliwa, na sikutaka uibebe. Hilo ndilo nililojiambia. Kweli nyingine ni kwamba niliona haya, na haya ya miaka thelathini na nne ni nzito kuliko ya siku moja.

Sasa sikiliza. Leveli sina, lakini nimejenga nusu ya nyumba za huku kwa mpira wa maji, maana maji hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Nilinunua mpira wa kuonyesha ndani wa mita ishirini, nikaujaza maji yenye bluu ya kufulia ili yaonekane, nikatoa viputo vya hewa kimoja kimoja. Mkaza mjomba wako akashika ncha moja, mimi nyingine, kila mtu na ufito wake niliouchora vipimo kwa msumari. Kutoka banio hadi shingo ni hatua sabini za mpira. Tumefanya siku tisa, asubuhi kabla ya jua kali, maana maji yakipata moto yanadanganya. Siku ya tatu goti lilikataa nikapanda kwa makalio. Bata walitufuata. Watu walikuja kuuliza Mzee Milimita anavua nini kwenye nchi kavu.

Nimeambatanisha karatasi, hakuna namba niliyoipika, angalia zinavyoishia. Kwenda nimepata shingo iko chini ya banio kwa sentimita themanini na nne. Sikuamini, tukarudi tukipima kinyume. Themanini na saba.

Chini, Unga. Maji yangevuka. Miaka yote ile yangevuka.

Nilikaa juu ya ule mwamba mpaka mkaza mjomba wako akaja kuniinua.

Mjomba wako

30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu. Mtoto ametembea hatua mbili akaanguka, akatuangalia kama ni sisi tuliomsukuma. Baba yake amerudishwa zamu ya mchana, kwa hiyo tumeanza kufahamiana upya.

Nilisoma barua yako kwenye ngazi za ofisi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, nikakaa hapo hapo. Watu walinipita. Mmoja aliniuliza kama nimefiwa, nikamwambia ndiyo, zamani.

Sijui kama nimekusamehe. Nimejaribu kukasirika na nimejaribu kusamehe, vyote viwili vimenichosha nikiwa njiani. Nakuona kwenye benchi ukichonga penseli. Halafu namwona Mama na ndoo, ile ngozi ngumu utosini ambayo alikuwa anatuachia tuiguse. Halafu nakuona unapanda mwamba kwa makalio na uzee wako wote. Sijui nikuweke wapi. Ila siku niliyozaliwa siibebi, hilo ondoa moyoni. Mimi nilikuja tu, sikuwa na daftari.

Ya kazi. Nilimpelekea mkuu wangu karatasi zako. Akasema mpira wa maji ni wa mafundi wa nyumba, hauingii kwenye mradi. Nikamwambia namba zimefungana kwa sentimita tatu, kwenda na kurudi, hatua mia moja na arobaini, na kwamba tunachotaka kujua ni maji yatakwenda wapi, sasa yamekwishaulizwa maji yenyewe. Akauliza ile sitini na mbili ilitoka wapi basi. Mjomba, nilimwambia. Niliweka daftari mezani nikamwonyesha sifuri na tano. Sikukuficha, na sikuona raha. Alikaa nalo muda mrefu, akasema hajawahi kuona daftari safi namna ile kuharibiwa na ukurasa mmoja.

Ng'ambo haijafutwa. Imeandikwa kwa penseli, yasubiri kuhakikiwa. Nimepewa leveli kwa wiki mbili, kuanzia tarehe tano Agosti, na gari la kunifikisha. Hela ya mshika fimbo hakuna. Hizi leveli za sasa hazigeuzi picha. Mtu anaonekana wima, na uso wake unasomeka vizuri tu.

Nitaanzia pale kwenye jiwe la chini ya shingo, mlipoishia. Vipo vipimo kumi na kimoja. Leveli nitakuwa nayo mimi. Fimbo utashika wewe, Mjomba. Funga hilo goti vizuri, na usiondoke kwenye alama mpaka nikuambie.

Mpwa wako,
Unga